Mama Chomba, Aliyelia Kabla ya Kifo

Padri wetu, wazee, bamama, majirani wa Kamalondo, na ninyi mliotoka Kasenga mkalala njiani ili mfike: asanteni kwa kuja. Haya ni maisha ya Honorine Mulenga, mjane wa Antoine Kapya, ambaye sisi sote tulimwita Mama Chomba. Yanasomwa kaburini kwake leo Jumamosi, tarehe 16 Novemba 1957. Mimi ninayesoma ni Marie-Thérèse Mutale, mdogo wake wa tumbo moja. Kaka yetu Lucien ndiye mkubwa na ndiye aliyepaswa kusoma, lakini mnamjua Lucien: akifika mstari wa pili analia na karatasi inalowa. Jana kwenye kikao cha familia aliniambia, "Mutale, uandike mambo ya heshima tu. Ile habari ya kulia bila maiti uiache, Padri atakuwa pale." Nilimheshimu kaka yangu, nikamsikiliza mpaka mwisho. Sasa nasoma nilivyoandika.

Marehemu alizaliwa Kasenga, kando ya Luapula, tarehe 2 Aprili 1909, mtoto wa pili wa mzee Chomba, aliyekausha samaki kwa moshi, na wa mama yetu Ngosa. Mwaka ule mto ulifurika, na watu wa kijiji wakapanda juu ya vichuguu, vile virefu vya kwetu ambavyo mtu anaweza kujenga kibanda juu yake. Mama yetu alimzalia huko juu, maji yakiwa pande zote, mkunga akiletwa kwa mtumbwi na kulalamika kwamba amelowa. Mama alikuwa akisema, "Huyu alitoka tumboni amekasirikia maji." Sisi wengine tulizaliwa nchi kavu, ndiyo maana tuna tabia za kawaida.

Mwaka 1919 alipelekwa misheni kwa masista, akakaa huko mpaka 1924. Alijifunza kusoma, kushona na katekisimu. Kushona alikuweza. Kunyamaza hakukuweza. Siku moja majani ya paa la jiko yalishika moto, na yeye, badala ya kwenda kutafuta ruhusa, alikimbilia kengele ya sala akaivuta kwa nguvu zake zote. Wasichana wote wakatoka mbio na rozari mikononi, wakakuta moto, wakauzima. Baadaye Sista mkubwa akamwita. "Kengele ile ni ya Mungu, Honorine. Saa ya sala ilikuwa bado." Marehemu akajibu, "Ndiyo, Sista. Lakini ningepiga kelele ya moto, wangeuliza moto uko wapi. Kengele ya Mungu hakuna anayeiuliza." Alipewa adhabu ya kufagia kanisa. Wenzake wanasema Sista alicheka, lakini alicheka baada ya kugeuka upande wa ukuta.

Mwaka 1926 alishuka Élisabethville na mizigo ya samaki ya baba yetu, na hakurudi tena. Alipata mahali pake sokoni Kamalondo, karibu na wauza sombe, majani ya muhogo, na mahali pale pakawa pake miaka yote mpaka ugonjwa. Alikuwa na ulimi. Mtu akimwuliza kama samaki ni wa juzi au wa leo, alijibu, "Umuulize mwenyewe, mi sikukuwa naye ndani ya maji." Watu walinunua kwake hata siku ambayo samaki wa jirani walikuwa wanene zaidi, kwa sababu kwake uliondoka na samaki na maneno ya kwenda kusimulia nyumbani.

Tarehe 5 Mei 1928 alifunga ndoa kanisani na Antoine Kapya, mwashi, mtu mpole mwenye mikono mikubwa. Antoine alijenga nyumba za matofali ya kuchoma za watu wengine mji mzima, na yake mwenyewe akaisimamisha kwa matofali mabichi, akisema ataimalizia kazi za watu zikipungua. Ni maneno ya waashi wote, na nyumba zao zote zinafanana. Mungu aliwajalia kwanza Chomba, binti, mwaka 1930, aliyepewa jina la baba yetu. Kisha Émile, mwaka 1932.

Sasa nafika mahali ambapo Lucien alitaka niruke.

Tarehe 23 Januari 1934, alasiri, mvua kubwa iliipiga Kamalondo. Wanaume walikuwa kazini. Barabara yetu ya chini inafuata mfereji mkubwa unaopokea maji ya mtaa mzima, na mfereji ule ulikuwa umeziba. Msimtafute aliyeuziba. Tuliuziba wenyewe, kwa majani, majivu, mifupa, magunia yaliyooza, kila nyumba na mchango wake. Maji yakafurika, yakaingia uani kwa Antoine, yakaanza kula mguu wa ukuta wa nyuma. Chomba alikuwa amelala ndani na homa. Mama yake, Émile mgongoni, alisimama nje na ubao akijaribu kuyageuza maji, kwa sababu aliogopa yasiingie mlangoni. Hakujua kwamba ukuta wa udongo ukishalowa chini hauonyi. Aliita, "Munisaidie! Maji! Munisaidie!" Aliita mpaka sauti ikakwaruza. Majirani walisikia, wenyewe wamekiri. Lakini Kamalondo watu wanapiga kelele kutwa nzima: mlevi, mume na mke, wake wenza, kuku aliyeibwa. Na mvua ikiwa inapiga mabati, nani atatoka kwa ajili ya kelele? Kila mmoja alisema moyoni kwamba wengine watakwenda. Ukuta ukaanguka upande wa mtoto.

Ndipo alipolia kilio chetu, kile cha mikono kichwani, kile cha kutangaza maiti, ambacho kila mmoja wenu hapa amekisikia na amekilia. Na watu wakatoka! Ndani ya mvua ileile, mlango kwa mlango, wanawake wamefunga vikwembe viunoni, uwanja ukajaa. Mama Feza alikuwa mmoja wao, jirani wa ukuta kwa ukuta, mke wa fundi cherehani Abibu, na ndiye aliyenisimulia. Anasema Mama Chomba alinyamaza katikati ya kilio, akawatazama mmoja mmoja, akasema, "Mulikuya kwa maiti. Kwa mutoto hamukukuya."

Baada ya matanga watu walitaka kumwita Mama Émile, kama desturi, ili jina la marehemu lisimchome. Alikataa. Ukimwita Mama Émile alikuwa anageuka kutazama nyuma, kana kwamba kuna mwanamke mwingine. "Mi niko Mama Chomba," alisema, na ndivyo alivyobaki.

Mimi nililetwa kukaa kwake mwaka 1936 na ndiyo maana kuanzia hapa nasema niliyoyaona. Nilimkuta dada yangu, yaya wangu, kama tunavyomwita mkubwa wa tumbo moja, niliyemkumbuka kwa vicheko, anaamka kila asubuhi ya kiangazi na kuingia mferejini na jembe, peke yake, kabla ya kwenda sokoni. Vijana walipita na kumtania, "Mama Chomba, unatafuta shaba humo?" Alijibu, "Natafuta kamasi za mama yako, alizitupa humu jana." Alibisha kila nyumba kuwaomba wanawake watoke wasaidie. Wote walisema ndiyo, ndiyo, mama. Ndiyo ya Kamalondo mnaijua.

Tarehe 12 Februari 1938, tena alasiri, tena mvua. Tulikuwa mlangoni, tukaona maji ya mfereji yanasimama badala ya kutembea. Banda la kuku la mtu lilikuwa limeng'oka huko juu, likakwama chini ya kivuko, na nyuma yake takataka zikajikusanya. Yaya alinikabidhi Émile. Akatoka katikati ya barabara, akaweka mikono kichwani, akalia. Mama wee! Nilidhani amepata habari ya kifo cha Antoine. Alilia kama mtu aliyefiwa, na wanawake wakatoka kama watu wanaokwenda kwa aliyefiwa, wakimzunguka, wengine wameanza kulia naye.

"Nani alikufa? Mama Chomba, nani alikufa?"

"Hakuna mutu," akasema. "Bado. Mutoshe batoto mu nyumba. Bazee pia. Sasa!"

Walikuwa wameshatoka, basi. Walikuwa wameshalowa. Kurudi ndani ilikuwa aibu. Wengine waliwabeba watoto mpaka kwenye kilima cha soko, wengine walishuka mferejini na kulivunja lile banda la kuku kwa mikono na michi ya kutwangia. Nyumba ya Mama Feza ilianguka, pande zote mbili. Ndani hamkuwa na mtu. Watoto wake wote walikuwa sokoni, chini ya meza ya yaya wangu, wanakula samaki bila ruhusa.

Mnafikiri alishukuriwa? Thubutu! Wazee wetu wa Luapula na wazee wa Kiislamu wa Maniema hawakubaliani hata namna ya kuchinja kuku, lakini safari ile walikaa kiti kimoja. Walisema ni uchuro. Kulia bila maiti ni kukiita kifo, na kifo kikiitwa hakirudi mikono mitupu. Mama Feza, ambaye watoto wake walikuwa wazima, ndiye aliyewaka kupita wote. "Mungu ameniachia batoto, namushukuru," alimwambia usoni. "Lakini weye umetuchuria. Kilio si ngoma ya kuchezea." Wakamwambia yaya atoe kuku mweupe wa kuondoa balaa na aahidi kutorudia. Akasema, "Kuku nitatoa. Ahadi sitoi." Wakamgeukia Antoine amtie adabu mke wake. Antoine, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alisema, "Mulijua nilimuoa na sauti yake," akaenda kumsaidia Abibu kusimamisha ukuta.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, alilia tena, na maji hayakuja. Yalizunguka upande mwingine, mvua ikakatika, jua likawaka juu ya barabara iliyojaa wanawake waliolowa. Siku ile nilitamani ardhi inimeze. Kuanzia hapo wakampa jina la Mama Kilio-Bure. Watoto walilifanyia wimbo. Sokoni, wateja walikuwa wanashika macho na kujifanya wanalia kabla ya kuuliza samaki.

Tarehe 3 Machi 1940, Jumapili, Antoine alifariki. Kichomi kilimshika baada ya kazi ya mvuani, na hakikumpa hata wiki mbili. Alikata roho nyumbani mchana, mvua inanyesha, sisi wawili tukiwa tumemshika. Yaya alikuwa na mimba. Akafunga macho ya mumewe, akatoka mlangoni, akalia.

Hakuna aliyekuja.

Nasema mbele yenu, na baadhi yenu mlikuwa ndani ya nyumba zile. Milango ilibaki imefungwa. Nilisikia mwanamke mmoja, simtaji, anacheka dirishani: "Kilio-Bure yuko kazini." Yaya akalia tena, kisha akaketi kwenye kizingiti, miguu mvuani. Nimemwona akizika, nimemwona akiumwa. Sijamwona tena vile alivyokuwa pale kizingitini. Alikuwa ametumia kitu pekee ambacho kingewatoa watu, na sasa hakikuwa na nguvu tena, si kwa maji, si kwa maiti.

Ndipo mlango wa jirani ukafunguka. Mama Feza akaja mbio, nguo ameifunga magotini, jembe begani.

"Maji iko wapi?" akauliza.

Yaya akaonyesha ndani kwa kidole. Mama Feza akachungulia, akaona kitanda, akaegemeza jembe ukutani polepole.

"Weye hukuwaza ni uongo?" yaya akamwuliza.

"Niliwaza ni uongo," akasema Mama Feza. "Lakini ulinidanganya mara ya kwanza, na batoto yangu bote bakapona. Basi unidanganye tena. Mi nitatoka."

Kisha akafanya jambo ambalo lilizungumzwa Kamalondo mpaka Kinsevere. Mama Feza ni mtu wa sala tano. Kwao kumpigia maiti mayowe ni jambo la kukatazwa, naye alitukemea nalo siku zote. Alitoka barabarani, akaweka mikono kichwani, akalia kilio chetu, vibaya, kama mtu anayeimba wimbo wa kabila lingine. Watu walipoisikia sauti ya Mama Feza wakajua hapa hakuna mchezo. Walikuja, vichwa chini. Aliyecheka dirishani alikuja na bakuli la unga na hakuweza kututazama.

Wapo waliosema, palepale kwenye matanga, kwamba sasa mmeona, kifo kiliitwa, kimekuja kuchukua chake. Yaya aliwasikia. Siku ya kumaliza matanga alisimama, tumbo mbele, kitambaa cheupe kichwani. Akasema, "Munasema nilikiita kifo. Haya. Kama kilikuwa na deni kwangu, kimechukua Antoine, tumemalizana. Sasa sikiogopi tena, nitalia nikitaka. Na muke mwenye hatatoka, akae ndani mu nyumba yake angojee ukuta." Mama Feza akaongeza ya kwao: "Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mimi nimejenga. Sina nguvu ya kujenga tena."

Hapo ndipo ulipozaliwa umoja tunaouita Bamama ba Majembe. Wanawake walitaka kwanza kutafuta alama nyingine, ngoma au debe la kupiga, ili kilio kibaki cha maiti peke yake. Yaya alikataa katakata. Alisema alama mbili zitaleta maswali, na mtu anayeuliza bado amekaa. Kilio kitakuwa kimoja. Ukikisikia unatoka na jembe, huulizi. Ukikuta maji, utachimba. Ukikuta maiti, jembe halitakosa kazi, maana kaburi nalo linachimbwa. Na kila njia ya kwenda kwa mwenye kilio inapita kando ya mfereji, basi njiani mtu anaondoa kilichoziba. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule, msichana, aliitwa Feza. Lucien alisema si jina la Kikristo, na yaya akamjibu kwamba mwenye jina alikuja wakati Wakristo walikuwa wamefunga milango. Padri alimbatiza.

Ndiyo maana barabara yetu ya chini watu huja kwenye kilio na majembe, na wageni hawaelewi. Mwaka 1944 wakwe wa Kinsevere walifika kutuzikia mzee mmoja. Walipoona wanawake wanatoka kila kona wanakimbilia ile nyumba na majembe mabegani, baba mkwe alidhani wanawajia wao, akaruka ukuta wa nyuma na suti yake nyeusi, akaangukia bafu la jirani. Mwaka 1947, siku ya upepo ulioezua mabati, polisi alikuja kuuliza nani anafanya fujo. Yaya alimpa jembe. Yule kijana akalitazama, akatutazama sisi, akavua viatu vyake vya serikali akashuka mferejini. Mwaka 1951 maji yalipanda kupita yale ya 1934. Nyumba nyingi zilianguka. Sikuzika mtu mwaka ule, wala ninyi.

Watu wanasema yaya wangu alikuwa mgumu. Alikuwa mgumu, kweli. Mwaka ule wa 1938 alimtoa mama mmoja aliyejifungua siku ileile, na kitanda chake, mama yule akimtukana kwa kelele, na mtoto yule leo ndiye anayetuuzia mkate. Aliingia nyumba za watu kuangalia nyufa bila kubisha hodi. Aliwaaibisha waliotupa taka kwa kuwarudishia mlangoni, kila mtu na yake, na alizitambua kwa harufu ya upishi. Nilimwambia siku moja, yaya, watu watakuchukia. Akasema, "Banichukie bakiwa bazima."

Ugonjwa ulimwanza mwaka 1956, moyo na miguu kuvimba. Daktari alimtaka alale hospitali. Alilala mpaka mawingu ya Oktoba yalipotokea, akajiondoa, akarudi na vikwembe vyake chini ya kwapa. Si ugonjwa wake peke yake ulioniogopesha. Siku hizi barabara yetu ina wapangaji wapya, kuna baa mbili na gramafoni, nyumba nyingine zimekuwa za matofali ya kuchoma, na mwenye matofali ya kuchoma hasikii mvua. Jumamosi iliyopita, wiki moja leo, ilikuwa siku ya kusafisha mfereji. Yaya alikwenda akijishikilia ukutani. Tulikuwa yeye, Mama Feza na mimi. Tulingoja. Baada ya muda alikaa kwenye jiwe akasema, "Mutale, siku ile ya Antoine. Inarudi." Na mimi, nitasema nini, nilimwambia watu wana kazi.

Jioni ile Mama Feza alimkandia miguu kwa maji ya chumvi, na yaya akamwambia, "Nikikufa, unililie muzuri. Nataka kuona nani atakuya."

"Utaona wapi?" Mama Feza akasema. "Weye utakuwa umekufa, mupumbavu."

Walicheka mpaka yaya akakosa pumzi. Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho nilichokisikia.

Alifariki Alhamisi, tarehe 14 Novemba 1957, alasiri, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake Feza, baada ya kupakwa mafuta matakatifu. Upande wa kusini mbingu ilikuwa nyeusi. Sikuweza kulia. Niseme kweli, niliogopa. Niliogopa kulia na milango ibaki imefungwa. Nilijiambia, asiyesikia kilio cha Mama Chomba leo, kesho atasikia cha nani?

Mama Feza alitoka. Ana umri mkubwa sasa, sauti yake imekwisha, mnaisikia wenyewe akinunua mkaa. Alisimama katikati ya barabara pale pale aliposimama yaya mwaka 1938, akaweka mikono kichwani. Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo. Kule baa gramafoni ilikuwa inaimba.

Mlango mmoja ukafunguka. Halafu gramafoni ikanyamaza. Halafu kilio kikachukuliwa nyumba ya pili, na ya tatu, kikapanda barabara za juu ambako hatujawahi kuwaomba kitu. Na mkaja! Mlikuja na majembe, na koleo, na ndoo, wapangaji ambao sijui majina yenu, mwenye baa na aproni yake, kijana wa mkate, wazee wawili waliomtoza yaya kuku mweupe na ambao bado wako hai kwa ubishi tu. Hakuna aliyeuliza. Mlisimama uani mmejaa mpaka barabarani, na mimi nikatoka mlangoni nikasema, "Si maji. Ni yeye."

Mlikuwa mnataka kuweka majembe chini mkae kwenye mikeka. Mama Feza akatazama juu, akasema kwa ile sauti yake iliyobaki, "Maiti hakimbii. Mvua ndiyo inakuya."

Mkaenda. Mtu aliyekuja kulia alilia ndani ya mfereji, jembe mkononi. Niliwaona. Kivuko cha chini kilifunguliwa, na sehemu ya katikati yote, mpaka giza na mvua vilipofika pamoja. Mvua ile iliufunika mji, mnajua wenyewe. Maji yalipita mlangoni kwetu yanatembea haraka, kwenye njia yake, hayakugeuka. Tulimkesha ndani, na nilipoinama kumfunika miguu nilipapasa sakafu chini ya kitanda chake. Ilikuwa kavu.

Marehemu ametanguliwa na baba yetu mzee Chomba, mama yetu Ngosa, mume wake Antoine, na binti yake Chomba. Ameacha watoto wawili, Émile, mwashi kama baba yake, na Feza. Ameacha mkwe mmoja na mjukuu Antoine, ambaye tayari ana sauti. Ameacha kaka yake Lucien, ambaye analia, na mimi. Ameacha Mama Feza, ambaye ukoo wetu unamhesabu ndugu, na asiyekubali amwambie mwenyewe. Ameacha Bamama ba Majembe, wa zamani na wa tangu Alhamisi.

Kaburi hili mmelichimba kwa majembe yaleyale, karibu na lile dogo la mwaka 1934. Chomba, mwanetu, mama yako ndiye huyu amefika. Siku ile alipotuitia msaada kwa ajili yako, hatukuja. Leo tumekuja sote.

Yaya, wewe pumzika kwa amani. Sisi tukitoka hapa haturudishi majembe nyumbani, tunapita mferejini kwanza. Sehemu ya juu bado imeziba, na mawingu ndiyo yale.